Kazi ya Msimu Ng'ambo: Uliza Kabla ya Kuuza Mtamba

Ndugu mkulima, huenda una mwana aliyetoka shambani kwenu, Kinangop, Mwea au Mpeketoni, akaenda Nairobi kutafuta kazi. Huenda amepanga chumba Kawangware, karibu na steji ambako matatu za namba 46 humaliza safari, mahali ambapo watu wamepaita Kawangware 46 kwa ajili ya namba hiyo. Asubuhi hutoka kutafuta kibarua cha ujenzi. Siku nyingine hukipata, siku nyingine hukikosa. Sasa amekupigia simu: "Baba, kuna kazi ya kuchuma matunda Uingereza, miezi sita tu. Yuko mtu hapa steji anayejua njia. Ataka shilingi laki mbili na nusu kabla ya Ijumaa."

Nawe wamtazama mtamba wako aliyebakisha miezi miwili kuzaa, na wajiuliza: je, nimuuze?

Hatusemi kijana asiende. Kazi ya namna hiyo ipo kweli, na ni halali. Lakini ina kanuni moja ambayo ukiijua, dalali atapata shida kukudanganya: mwenye shamba ndiye anayemtafuta mfanyakazi, na gharama ya kumtafuta ni yake yeye. Kazi hainunuliwi.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Mashamba ya Uingereza hulima stroberi, matofaa, mboga na maua, na wakati wa kuvuna watu hawatoshi. Kwa hiyo mwaka 2019 serikali ya nchi hiyo ilianza kwa majaribio kutoa viza 2,500 za vibarua wa msimu. Idadi iliongezwa, na mwaka 2024 nafasi za kilimo cha matunda, mboga na maua zilikuwa 45,000, nazo zagombewa na watu wa nchi nyingi.

Mwombaji awe ametimiza miaka 18. Hatakiwi mtihani wa Kiingereza. Atakaa muda usiozidi miezi 6, kisha hana budi kurudi nyumbani. Haruhusiwi kuchukua mke au watoto, wala kugeuza viza hiyo kuwa ya kudumu. Basi mtu akikuambia, "Aende kwa msimu, akifika atabaki huko," jua kwamba akufundisha kuvunja sheria kwa fedha zako mwenyewe.

NANI MDHAMINI?

Hapa ndipo wengi hupotea. Viza hii haitolewi bila mdhamini, na mdhamini si mtu wa steji, wala si rafiki aliyeko London. Ni shirika lililopewa idhini na serikali ya Uingereza kwa kazi hiyo. Mashirika hayo ni machache, na majina yao yametangazwa wazi katika tovuti ya serikali hiyo. Shirika likimkubali kijana, humpa hati ya udhamini yenye namba. Bila namba hiyo hawezi hata kuanza kuomba viza.

Tena, kwa sheria ya Uingereza ni kosa kumtoza mtu fedha kwa kumtafutia kazi. Lakini usichanganye mambo mawili. Pasipoti, viza na nauli ni gharama za safari, na mara nyingi kijana mwenyewe huzilipa. Ada ya viza, ambayo tangu Aprili 2025 ilikuwa pauni 319, hulipwa kwa serikali ya Uingereza yenyewe. Fedha za "kuingizwa kwenye orodha" au "kushikiwa nafasi" si gharama za safari. Hizo ni za mfuko wa dalali.

PIGA HESABU

Hukopi mbolea bila kukisia magunia utakayovuna. Fanya vivyo hivyo hapa.

Kuanzia Aprili 2025 mshahara wa chini Uingereza kwa mtu mzima ulikuwa pauni 12.21 kwa saa, na kibarua wa msimu huhakikishiwa malipo ya saa 32 kwa juma. Hiyo ni kama pauni 390. Mwaka huo mwajiri aliyempa makao aliweza kukata hadi pauni 10.66 kwa siku bila kuvunja kiwango hicho, yaani karibu pauni 75 kwa juma. Zabaki kama 316, na hapo hajalipa kodi wala hajanunua chakula. Na miezi 6 ndiyo mwisho wa muda, si ahadi; mavuno yakiisha mapema, kazi nayo yaweza kuisha.

Ndiyo, ni fedha nzuri kwa mtu asiye na deni. Lakini mwaka 2022 magazeti ya Uingereza yalieleza habari za vibarua kutoka Indonesia waliofika mashamba ya Kent wakidaiwa na madalali wa kwao hadi pauni 5,000. Kwa malipo tuliyoyahesabu, deni hilo lameza majuma 15 na zaidi ya kazi ngumu, kabla hata shilingi moja haijafika nyumbani.

Nchi nyingine nazo zina kanuni kama hiyo. Marekani, mwajiri wa kibarua wa shamba kwa viza iitwayo H-2A lazima ampe nyumba bure, na kibarua hatozwi ada ya kutafutiwa kazi. Na Ujerumani je? Ni kweli Kenya na Ujerumani zilitia saini mapatano ya wafanyakazi mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024. Zikaenea habari kwamba nafasi 250,000 zimetengwa kwa Wakenya, na serikali ya Ujerumani ikakanusha. Mapatano hayakutaja idadi yoyote. Anayeuza "nafasi za Ujerumani" kwa hesabu hiyo auza upepo.

SHERIA YA KWETU YASEMAJE?

Wakala anayepeleka watu ng'ambo lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Kijana asitosheke na cheti kilichotundikwa ukutani. Aulize NEA wenyewe.

Pili, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na Afisa wa Kazi. Afisa hatauthibitisha mpaka aridhike kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari, ameyaelewa masharti, hakudanganywa, na afya yake yafaa kazi hiyo. Huduma hiyo ni kinga yako, itumie.

Tatu, ada za serikali yetu, kama za pasipoti na cheti cha tabia njema, hulipwa kwa eCitizen, namba ya malipo 222222. Hazipiti kwenye simu ya mtu.

MASWALI YA KUMWULIZA MWANAO

1. Shirika gani ni mdhamini, na je, jina lake limo katika orodha ya serikali ya Uingereza?
2. Wakala wa hapa amesajiliwa na NEA?
3. Mkataba uko wapi, na wataja shamba, mshahara, saa na makao?
4. Afisa wa Kazi ameuona?
5. Kila shilingi inayotakiwa ni ya nini, na risiti itatoka kwa nani?

NA SHAMBA LENYEWE

Usimkabidhi mtu hati ya shamba kwa ajili ya safari. Rehani ya shamba yahitaji kibali cha Bodi ya Ardhi, na ikiwa hapo ndipo makao ya jamaa, yahitaji pia ridhaa ya mke au mume. Na kama hujamaliza deni la serikali la shamba la skimu, hati hiyo bado haijawa huru mkononi mwako. Anayekuambia mwandikiane chemchem usiku, pasipo bodi, hakutakii mema.

Majibu ya maswali yale matano yakiwa mazuri, keti na jamaa yako mpange nauli na viza, kisha mpe kijana baraka zako. Hata jibu moja likikosekana, mwambie angoje. Ijumaa ya dalali si Ijumaa yako, na mtamba akizaa, maziwa yake yatalipa karo ya wadogo zake msimu huu na msimu ujao.