Taazia za Gazetini

Wasikilizaji wetu, wako watu ambao, kila washikapo gazeti, huufungua kwanza ukurasa wa marehemu. Je, wapenda msiba? La, wapenda maisha. Tangazo la tanzia hutupasha kwamba fulani amefariki, na maziko ni saa fulani. Bali taazia hutueleza jinsi alivyoishi: alikozaliwa, kazi aliyoifanya, hata mzaha aliouzoea. Kifo chenyewe, mara nyingi, hupewa maneno machache tu.

Kazi hii yataka maandalio. Magazeti makubwa huandika habari za watu mashuhuri wangali hai, kisha huziweka akiba. Elizabeth Taylor, mchezaji wa sinema, alipofariki mwaka 2011, gazeti la New York Times lilitoa taazia iliyoandikwa na Mel Gussow, naye Gussow alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 2005. Mwandishi alimtangulia aliyeandikwa!

Tena yataka haki. Ida B. Wells alipigana kwa kalamu yake na makundi yaliyowaua watu Weusi wa Marekani bila hukumu. Alifariki Chicago mwaka 1931, na gazeti lilo hilo halikumwandikia taazia. Mwaka 2018 ndipo lilipokiri upungufu wake, likamwandikia yeye pamoja na wanawake wengine waliosahauliwa.

Basi, tuufunguapo ukurasa huo, tusiwatazame waliotajwa tu. Na tuulize pia ni nani walioachwa.