Santuri ya Jukwaani Isiyo na Watu

Juma hili tuzungumzie santuri za jukwaani, yaani zile zinazorekodiwa kundi likipiga mbele ya watu. Wengi wamenunua moja kwa hamu, wakafika nayo nyumbani na kukuta nyimbo ni zilezile za siku zote, ila mwimbaji amechoka na watu hawasikiki. Kwa nini huwa hivyo?

Tuchukue mfano wa Megadeth. Kundi hili la Marekani lilianzishwa mwaka 1983 na Dave Mustaine, baada ya kufukuzwa katika kundi la Metallica. Muziki wao ni wa metali, tawi lile la kasi liitwalo thrashi: magita ya umeme yanafukuzana na ngoma zinakwenda mbio kama cherehani. Kwa karibu miaka 20 Megadeth hawakutoa santuri kamili ya jukwaani, na mashabiki wakangoja. Machi 2002 ikatoka Rude Awakening, sahani mbili zenye nyimbo 24.

Mpango wa awali ulikuwa kurekodi Argentina, nchi ambayo mashabiki wake wanasifika kwa kelele na mapenzi. Lakini baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, safari ile ikavunjwa. Kazi ikafanyika Novemba mwaka huohuo katika miji ya Tucson na Phoenix, huko Arizona.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Safari hii mcheza kwao alitunzwa kidogo. Wanamuziki walipiga barabara, lakini sauti ya Mustaine ilikuwa nzito na yenye uchovu, na hadhira ilisikika kwa mbali, mithili ya watu walio nyumba ya pili.

Hapa ndipo penye siri ya ufundi. Jukwaani kila chombo hutegewa kipaza sauti chake, karibu kabisa. Vipaza hivyo havishiki watu ukumbini. Watu hutegewa vipaza vingine, vinavyoelekezwa kwao. Baadaye fundi wa studio huchanganya sauti zote. Akipunguza watu, muziki hutoka safi, lakini anabaki na kitu kinachofanana na kazi ya studio, tena chenye makosa ambayo studio ingeyasahihisha. Mnunuzi hupata hasara za pande zote mbili.

Santuri hiyo nusura iwe wosia wa kundi. Mapema mwaka 2002 Mustaine aliumia mshipa wa fahamu wa mkono wa kushoto, na Aprili akatangaza kwamba Megadeth imekwisha. Kwa bahati mkono ulipona, akalazimika kujifunza gita upya, na mwaka 2004 kundi likarudi.

Oktoba 2005 hatimaye walirekodi Buenos Aires, na santuri ikatoka mwaka 2007. Angalieni ajabu yake. Mpiga gita mkuu alikuwa mtu aliyetoka kuuguza mkono, na David Ellefson, mpiga besi wa tangu mwanzo, hakuwamo. Kwa hesabu za karatasini, kundi lilipaswa kuwa dhaifu zaidi. Lakini gita lilipoanza wimbo wa Symphony of Destruction, ukumbi mzima uliitikia kwa kuimba jina la kundi juu ya mdundo uleule. Fundi hakuwaficha. Hadhira ikawa chombo kimoja zaidi, na mashabiki wengi wanaipenda santuri hiyo kuliko ile ya Arizona.

Basi, ndugu msikilizaji, kabla ya kutoa fedha yako, usisikilize wimbo pekee. Sikiliza pale wimbo mmoja unapokwisha na mwingine haujaanza. Kama pamekufa kimya, bora ununue ile ya studio. Wanamuziki wale utawapata humo wakiwa na sauti nzuri zaidi.

Hadi juma lijalo, kwaherini.