Jaketi la Gikomba, kimo cha Lenana

Kwenye vibanda vya mitumba vya soko la Gikomba, Nairobi, huning'inia majaketi mazito ya rangi kali, yenye kofia pana na sketi ya ndani ya kuzuia theluji isipenye kiunoni. Wengi wanaoyanunua ni waendesha bodaboda wa Kayole na Umoja wanaojikinga na baridi ya Julai. Baadhi ya majaketi hayo yana kibandiko kidogo cha RECCO kilichoshonwa ndani. Kazi yake ni kurudisha mawimbi ya redio yanayotumwa na waokoaji, ili mtu aliyefukiwa na theluji apatikane.

Majaketi hayo yalishonwa kwa ajili ya wanaoteleza kwa skii nje ya njia zilizoandaliwa. Huko hakuna mashine iliyoshindilia theluji, hivyo wenye busara huajiri kiongozi wa mlima. Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45: palipolala zaidi theluji hutulia, na palipo wima zaidi humwagika kidogo kidogo kabla haijarundikana. Aliyefukiwa kabisa huwa na kama robo saa tu, kisha uwezekano wa kumtoa akiwa hai hushuka kwa kasi. Kwa hiyo kiongozi huchimba shimo, hukagua tabaka moja baada ya nyingine, na siku nyingine huwaambia wateja waliokwisha kulipa kwamba mteremko ule leo hauguswi.

Kazi hiyo ina umri mkubwa. Huko Chamonix, Ufaransa, viongozi waliunda chama chao mwaka 1821, mwaka mmoja baada ya maporomoko kuwaua wenzao watatu kwenye Mont Blanc. Mlima Kenya nao uliguswa na ufundi huo mapema: mwaka 1899 Halford Mackinder alifika kilele cha Batian akiwa na César Ollier na Joseph Brocherel, watu wa Courmayeur, Italia. Mwaka 1973 Mkenya Thumbi Mathenge, pamoja na Phil Snyder, walikuwa wa kwanza kuupanda mfereji wa barafu uitwao Diamond Couloir.

Leo wateja wa viongozi wa Mlima Kenya hawatoki ng'ambo tu. Vijana wa Buruburu, Donholm na Komarock, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, huanzia Ngong, wakaenda Kilimambogo na Longonot, kisha wakatamani kilele cha Lenana, mita 4,985. Hukodi matatu, huondoka Ijumaa, na Jumatatu wanatakiwa kazini.

Haraka hiyo ndiyo hatari yenyewe. Mtu wa Eastlands anaishi kwenye kimo cha mita 1,600 hivi, na hilo humsaidia kidogo tu. Juu ya Lenana kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya Mombasa, kwa hiyo kila pumzi huleta oksijeni kidogo. Mwili huzoea, lakini hutaka siku kadhaa. Ushauri wa madaktari ni kwamba ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Sasa tazama njia ya Sirimon: kambi ya Old Moses iko mita 3,300, ya Shipton's mita 4,200. Ni mita 900 kwa siku moja! Kiongozi makini hulilaza kundi Old Moses usiku wa ziada. Mchana hulipandisha juu kidogo, jioni hulirudisha chini kulala.

Wala mazoezi si kinga. Kijana anayekimbia kila asubuhi uwanjani Camp Toyoyo anaweza kuugua kabla ya mama yake anayetembea polepole, kwa sababu miguu ya kijana humfikisha juu kabla mwili haujazoea. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula. Akianza kuyumba kama mlevi, ubongo unavimba. Akihema hata ameketi, na kikohozi chenye povu, mapafu yanajaa maji. Hapo dawa ya kwanza ni kushuka, mara moja, hata kama ni usiku.

Na mlima wenyewe unabadilika. Barafu ya Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limetabiri kwamba barafu ya Mlima Kenya huenda ikatoweka katika miaka ya 2030. Barafu inaporudi nyuma huacha kokoto na mawe yasiyoshikana, na njia aliyoijua kiongozi miaka kumi iliyopita humbidi aijifunze upya.

Safari ya Lenana huanza saa nane au tisa za usiku, kwa tochi za kichwani. Mmoja akitapika njiani na hatua zikimpotea, kiongozi msaidizi humshika mkono na kushuka naye gizani kurudi Shipton's, jaketi la Gikomba likiwa limefungwa hadi kidevuni. Wenzake huendelea kupanda, pole pole, bila yeye.