Kazi ya Mpiga Picha wa Jeshi

Mtu atokaye Kisumu kwa barabara ya Busia huuacha uwanja wa ndege mkono wake wa kushoto, na muda si mrefu hufika penye soko la Otonglo. Katika nyumba za wazee wa huko, kama katika nyumba nyingi za Nyanza, si ajabu kuona ukutani picha ya kijana aliyevaa kofia ya askari. Mara nyingi picha ya namna hiyo ilipigwa mjini na fundi wa picha, kabla kijana hajasafiri au baada ya kurudi. Picha yake akiwa vitani hasa ni nadra kupatikana. Sababu zake zafaa kuelezwa, kwa kuwa wako watu wanaodhani kwamba mpiga picha wa jeshi ni mtu wa starehe, aliyesamehewa hatari ili atembee na kamera shingoni.

Jeshi la Uingereza liliunda kikosi chake cha picha na sinema mwaka 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Watu wake walikuwa askari kwanza, ndipo wakafundishwa kamera huko Pinewood, karibu na London, penye majumba ya kutengenezea sinema. Wengi wao walipewa cheo cha sajini. Kazi yao iliwalazimu kwenda pamoja na kundi la mbele. Askari wa bunduki huweza kulala chini risasi zikianza kuvuma, bali mwenye kamera hana budi kuinua kichwa, kwa maana picha ya majani peke yake haimfai mtu.

Vyombo vyao navyo havikuwa vyepesi kutumia. Kamera ya sinema ya aina ya DeVry ilichukua filamu yenye urefu wa futi 100, nayo huisha kwa dakika moja na sekunde chache. Kamera ya picha za kawaida ilipiga picha kumi na moja au kumi na mbili tu, kisha filamu hubadilishwa. Kwa hiyo ilimpasa mtu kuamua upesi: je, apige sasa, au asubiri jambo kubwa zaidi ambalo pengine halitatokea?

Askari wa Afrika ya Mashariki walikutana na wapiga picha hao hasa katika Burma. Divisheni ya 11, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, ilifanya mazoezi katika kisiwa cha Ceylon, kiitwacho leo Sri Lanka, kisha ikaingia Burma mwaka 1944. Iliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa masika, katika matope na malaria, ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwanzo wa Desemba mwaka huo. Hapo likajengwa daraja la kuelea lenye urefu wa zaidi ya futi 1,100. Daraja hilo lilipigwa picha mara nyingi, na si ajabu, kwa sababu daraja halikimbii wala halijifichi. Mapigano ya msituni ni habari nyingine. Chini ya miti mwanga ni hafifu, adui haonekani, na unyevu huotesha ukungu juu ya kioo cha kamera na kuharibu filamu.

Tena kila picha ilipaswa kufuatana na karatasi ya maelezo: mahali, tarehe, kikosi, na majina ya watu waonekanao. Hapo ndipo palipokuwa na upungufu mkubwa. Katika picha nyingi zilizohifadhiwa, jina la ofisa wa Kizungu limeandikwa kwa ukamilifu, na yule aliyebeba mzinga pembeni yake ameitwa askari wa Afrika ya Mashariki, basi. Mpiga picha hakujua lugha yake, au alikuwa na haraka, au hakuona haja ya kuuliza. Kwa ajili ya mstari mmoja ambao haukuandikwa, sura ya mtu yaweza kuonekana na wageni huko London kwenye makumbusho ya vita, na wajukuu wake wasijue kwamba ipo.

Wako pia wapiga picha wa jeshi wasioona uso wa mtu kabisa. Baada ya vita, skwadroni ya 82 ya jeshi la anga la Uingereza ilitumia ndege kubwa za Lancaster kupiga picha za ardhi ya Kenya, ikiruka kutoka uwanja wa Eastleigh, Nairobi. Rubani huenda kwa mistari iliyonyoka, na kila picha hufunika zaidi ya nusu ya picha iliyoitangulia, ili zikitazamwa mbili mbili kwa miwani maalum, vilima vionekane vimeinuka. Kutokana na picha kama hizo wapimaji walichora ramani. Adui wa kazi hii ni mawingu, na wakaao kando ya ziwa wanajua jinsi yanavyojikusanya ikifika alasiri.

Siku hizi Majeshi ya Ulinzi ya Kenya yana wapiga picha wake wenyewe, na filamu haiishi tena kwa dakika moja. Lakini shida mpya imezuka. Vikosi vya Kenya viliingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011. Kambi ya El Adde iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016, picha za askari waliouawa zilienea katika simu za watu, na baadaye adui akatoa sinema yake mwenyewe. Mama hapaswi kupata habari ya msiba kwa njia hiyo. Mpiga picha wa jeshi aliyefundishwa vyema haachilii sura ya aliyekufa itazamwe kabla jamaa zake hawajaarifiwa. Kuhusu mateka wa vita, Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 waamuru kwamba walindwe wasitukanwe wala kufanywa tamasha la watu, hata kama ni adui.

Wenye picha za zamani nyumbani yafaa waandike nyuma yake, ukingoni, kwa penseli laini, jina kamili la askari, jina la baba yake, kijiji, na kikosi kama kinajulikana. Kalamu ya wino isitumike, kwani wino hupenya hata upande wa mbele. Wala picha isigandishwe kwa gundi. Itiwe katika bahasha ya karatasi na kuwekwa mbali na unyevu, na jambo hili lifanywe wakati wazee wanaomtambua mtu huyo wangali hai.