Ndugu Yako Akiwa Ndani, Anza na Karatasi

Familia nyingi zikipata habari kwamba mtu wao yuko ndani, jambo la kwanza ni kutafuta mkubwa. Anapigiwa shemeji anayefahamiana na mkuu wa kituo, anatafutwa binamu aliyesoma na wakili wa Serikali, na kundi la WhatsApp la ukoo linachemka hadi usiku wa manane. Kunapokucha, hakuna hata mmoja aliyekwenda kuuliza yuko kituo gani na anatuhumiwa kwa kosa gani. Kwa niliyoyaona katika kazi ya uwakili, mkubwa husaidia mara moja moja. Saa na karatasi husaidia karibu kila siku. Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mwenendo wa jinai, na hata magereza yake huitwa Vyuo vya Mafunzo.

Kumpata mtu si jambo dogo kama linavyosikika. Aliyekamatwa Buguruni jioni anaweza kulala Buguruni, na anaweza pia kuwa amehamishiwa Kituo cha Kati au Oysterbay kabla ya saa tano usiku, kutegemea ni kikosi gani kilichomfuata. Kuna wanaokamatwa na TAKUKURU, Uhamiaji au mamlaka ya dawa za kulevya, kisha wakahifadhiwa kwenye mahabusu ya polisi. Askari wa kaunta atakwambia kwa uaminifu kabisa kwamba hajui kesi yake, kwa sababu mpelelezi si wa pale. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama yupo. Uliza amewekwa na nani.

Anayekwenda awe mmoja au wawili, wenye subira. Ukoo mzima ukijaa kaunta, askari hujihami, na mtu anayejihami hatoi maelezo.

"Habari za kazi, afande."

"Nzuri mama, karibu. Nikusaidie nini?"

"Nimemfuata mwanangu, nimeambiwa kaletwa hapa tangu jana jioni."

Hapo afande atavuta kitabu cha mahabusu, kile kikubwa chenye mistari ya kalamu nyekundu, na kidole chake kitashuka kwenye majina. Mama awe na daftari lake. Aandike kosa lililoandikwa, namba ya RB au ya jalada, jina na simu ya mpelelezi, na saa ambayo mtoto aliingizwa. Hilo la mwisho wengi hulipuuza, na ndilo ambalo wakili atakuja kulitafuta kwa tochi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inawapa polisi saa 4 za kumhoji mtu tangu alipowekwa chini ya ulinzi. Muda huo unaweza kuongezwa, lakini kwa utaratibu maalumu. Mahakama ya Rufani imeyatupa maelezo ya onyo ya watuhumiwa wengi, hata katika kesi nzito, kwa sababu tu yaliandikwa nje ya muda huo bila ruhusa.

Maelezo ya onyo ni yale yanayoandikwa baada ya mtuhumiwa kuelezwa kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Kabla ya kuanza, anatakiwa kuulizwa kama anataka wakili, ndugu au rafiki awepo. Wengi hujibu hapana, kwa uchovu au kwa kudhani kukubali ni dalili ya hatia. Ukipata dakika mbili za kuonana naye, usizimalize kwa kumuuliza kama kweli amefanya, maana ukuta wa mahabusu una masikio na wewe mwenyewe unaweza kuitwa shahidi. Mwambie ana haki ya kuomba uwepo chumbani. Mwambie asisaini karatasi ambayo hajaisoma au hajasomewa yote.

Chakula ndicho kinachoifikisha familia kituoni kila siku, na kina kanuni zake. Mara nyingi utaambiwa uonje kidogo mbele ya askari. Kijiko cha chuma utarudi nacho nyumbani, chupa ya glasi vilevile, kwa hiyo funga wali kwenye kontena la plastiki na ubebe maji yaliyofungwa dukani. Wanaume huachishwa mkanda na kamba za viatu. Suruali ya lastiki na sweta ni msaada mkubwa kuliko unavyofikiri, maana sakafu ya saruji haina mgeni. Kama anatumia dawa za kisukari, shinikizo la damu, kifua kikuu au ARV, zipeleke zikiwa ndani ya boksi lake pamoja na karatasi ya daktari au kadi ya kliniki ya CTC. Vidonge vilivyofungwa kwenye gazeti hukataliwa, na kwa haki. Ukimkuta na majeraha, yaandike siku hiyohiyo kwenye lile daftari, kisha mwombe mkuu wa kituo kwa maandishi apelekwe hospitali na fomu ya PF3.

Tuje kwenye dhamana, ambayo ndiyo kiini cha mambo.

Mtu aliyekamatwa bila hati, kwa kosa lisilo zito, kama hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa kumwachia kwa dhamana. Huo ni wajibu aliopewa na sheria, si hisani. Akikataa, anapaswa kuandika sababu, na mtuhumiwa anaweza kuomba apelekwe kwa hakimu. Ndiyo maana ukamataji wa Ijumaa jioni una sifa mbaya mitaani: mahakama zimefungwa, mpelelezi "katoka", na watu husubiri Jumatatu kana kwamba sheria nayo imekwenda mapumziko. Haijaenda. Dhamana ya polisi hutolewa Jumamosi, hutolewa Jumapili, hutolewa sikukuu. Mpelelezi asipopatikana, panda ngazi: mkuu wa kituo, mkuu wa upelelezi wa wilaya, kisha OCD. Nenda ukiwa na barua fupi yenye jina, kosa na saa aliyoingia, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Barua ya nusu ukurasa hufungua milango ambayo makelele huifunga.

Mdhamini wa polisi kwa kawaida haachi hela. Anasaini ahadi kwamba mtu huyu atarudi siku aliyopangiwa, na asiporudi, yeye atawajibika kwa kiasi kilichoandikwa. Ukiambiwa kuna "gharama ya dhamana", omba stakabadhi ya Serikali. Ombi hilo peke yake limeshamaliza mazungumzo mengi. Najua yuko atakayesema ni rahisi mimi kuandika hivi, ila mama mwenye mtoto ndani atatoa tu. Namwelewa. Lakini elfu hamsini ya leo hainunui kitu kinachoonekana kwenye jalada, na kesho itaombwa nyingine.

Mdhamini mzuri ni mtu mwenye makazi yanayojulikana, kitambulisho cha NIDA, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kwa mwajiri wake. Barua ya mtaa ndiyo inayochelewesha wengi. Mwenyekiti yuko msibani, mhuri uko kwa mtendaji, mtendaji yuko kikaoni kata. Tuma mtu wa kufuatilia barua hiyo asubuhi ileile wengine wanapokwenda kituoni. Na tafadhali, msimchukue mdhamini kwa kumuonea haya. Mjomba mwenye nyumba, asiyeweza hata kumpigia kijana simu, hafai kama dada mwenye kibanda cha mamalishe anayemuona kila siku.

Tangu 2022 sheria imetaka upelelezi uwe umekamilika kabla ya shauri kufunguliwa mahakamani, isipokuwa kwa makosa makubwa. Lengo ni zuri. Kwa familia, matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kukaa nje kwa dhamana ya polisi akiripoti kituoni kila wiki, miezi ikapita. Aripoti. Asikose hata siku moja kwa kuwa "afande alisema nisijisumbue", na kila akiripoti aandike tarehe na aliyempokea.

Yako mambo mawili yanayowachanganya watu. La kwanza ni madeni. Deni ni suala la madai, na mahali pake ni mahakama ya madai, lakini mkopeshaji mwerevu hufungua RB ya kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, na ghafla mazungumzo ya kulipa yanafanyika kaunta ya polisi huku mdaiwa akiwa selo. Ukilipa chochote katika hali hiyo, kiandikwe, kisainiwe, na ieleweke kama ni deni linalolipwa au ni kukubali kosa. Tofauti yake ni kubwa. La pili ni amri ya mkuu wa wilaya au wa mkoa. Sheria ya 1997 ya utawala wa mikoa inawaruhusu kuagiza mtu ashikiliwe hadi saa 48, kwa sababu za usalama na amani. Wasaidizi wao wakati mwingine husahau hayo maneno ya mwisho. Saa hizo zikipita naye hajafikishwa kwa hakimu, au polisi wakimshikilia siku nyingi bila mashtaka, njia iliyo wazi ni maombi ya hebiasi kopasi Mahakama Kuu, na hapo unahitaji wakili kweli.

Wakili mtafute kwa uangalifu. Nje ya mahakama zetu wapo vishoka wenye tai na faili kwapani, wanaojua majina ya makarani wote. Kabla hujatoa senti, mwombe jina kamili na uliangalie kwenye mfumo wa mawakili wa Mahakama, au uulize Chama cha Mawakili Tanganyika. Asiye na uwezo aulize mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa chini ya sheria ya 2017. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wamo kwenye kazi hiyo, TAWLA wamo, na wasaidizi wa kisheria wako hadi wilayani. Kwa kesi ya mauaji inayosikilizwa Mahakama Kuu, mshtakiwa asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama za Serikali. Mtoto wa chini ya miaka 18 ni habari nyingine kabisa: mzazi lazima ajulishwe, na asichanganywe na watu wazima. Ukimkuta kwenye selo ya wakubwa, mwone mkuu wa kituo papo hapo na umwite pia ofisa ustawi wa jamii.

Mahakamani, hati ya mashtaka itasomwa na mshtakiwa ataulizwa kama ni kweli au si kweli. Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kisheria tangu 2021, kwa hiyo asijibu asichokielewa. Aombe kisomwe tena. Kisha hakimu atataja masharti ya dhamana: kwa mfano wadhamini wawili, bondi ya kiasi fulani, mmoja awe mtumishi wa umma au awe na mali isiyohamishika. Wadhamini wawe pale pale, na nakala mkononi. Wengi hulala gerezani usiku mmoja usio wa lazima kwa sababu barua ilikuwa na kosa la jina moja na karani akafunga ofisi. Katika kesi za wizi au udanganyifu wa fedha nyingi, sheria hudai nusu ya thamani iwekwe, taslimu au kwa mali. Washtakiwa wakiwa wengi, nusu hiyo hugawanywa kati yao, jambo ambalo wengine hawalijui hadi wanauza shamba bure.

Yapo makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, ugaidi, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha na mengine machache. Kipengele hicho kimepigwa vita muda mrefu. Mahakama ya Rufani ilikitangaza batili katika sura yake ya zamani mwaka 1991, kwenye shauri la Daudi Pete, Bunge likakiandika upya. Mei 2020 Mahakama Kuu ilikibatilisha tena, na Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Maoni yangu ni kwamba kumnyima hakimu nafasi ya kuamua hata pale anapoona mtu hatakimbia ni kumwadhibu asiyehukumiwa. Lakini ndiyo sheria iliyopo, na familia ijipange kwa hiyo iliyopo.

Kujipanga ni kukubali kwamba karandinga litampeleka Segerea, Keko, Butimba au Kisongo, na kesi itatajwa kila baada ya siku 14. "Upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Utalisikia hilo hadi ulikariri. Mtu wa familia aende kila tarehe, hata kama ni dakika tatu. Hakimu akiona benchi lina watu, na mshtakiwa akiona sura anayoijua, hakuna sheria inayobadilika, ila mambo hayaachwi yalale. Gerezani, mahabusu ambaye hajahukumiwa ana nafuu kuliko mfungwa katika kutembelewa na kupokea vitu kutoka nje, kwa siku na masharti ya gereza husika. Ulizeni getini kabla ya kusafiri na furushi. Nyumbani, mtu mmoja ashike ada za watoto na kodi ya nyumba, kwa sababu barua za kuhuzunisha zaidi zinazotoka magerezani zinahusu mambo hayo kuliko kesi yenyewe.

Na siku akiachiwa, msikimbilie pilau kabla ya kupita masjala. Hati ya nyumba iliyowekwa na mjomba bado iko kwenye jalada, na kama fedha taslimu iliwekwa, hairudi yenyewe: mdhamini aandike barua ya kuomba arejeshewe, aambatishe nakala ya uamuzi na stakabadhi ya malipo. Ile stakabadhi ikipotea, utaanza safari nyingine ya ofisi kwa ofisi.