Mizani Ikiwa Tupu

Leo tuzungumze juu ya mizani.

Zamani watu walipima nguo kwa mkono, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole. Kipimo hicho kilikuwa rahisi, kwa maana kila mtu alikuwa nacho. Lakini mikono hailingani. Mwuzaji wa mkono mfupi na mnunuzi wa mkono mrefu wangepima kitambaa kile kile, pasipo uongo, wala wasipatane. Ndiyo sababu watu walitafuta kipimo kisicho cha mwuzaji wala cha mnunuzi.

Kipimo cha namna hiyo chataka mambo mawili. Kwanza, kiwe na mwanzo usiohama, yaani sifuri. Pili, hatua zake ziwe sawa: kilo ya kumi iwe sawa na kilo ya kwanza, kwa tajiri na kwa mjane. Likikosekana moja la hayo, tunazo namba tu, kipimo hatuna.

Jambo hili sisi tulijifunza kwa aibu. Mwaka mmoja wa njaa, parishi yetu ilinunua mahindi kwa wakulima ili kuwagawia wasio na chakula. Mama mmoja mzee, aliyeleta gunia moja tu, akatuomba kwanza tuitazame mizani ikiwa tupu. Mshale haukurudi kwenye sifuri. Ulisimama nyuma yake kwa kilo 2. Nasi tulikuwa tumekwisha kupima magunia 30! Kilo 60 za watu zilikuwa zimeingia ghalani bila malipo. Mmoja wetu akasema, "Si kitu, hii ni kazi ya Mungu." Neno hilo lilituvutia, maana hasara ilikuwa yao na faida yetu. Lakini mama yule alikuwa bado amesimama pale, akitungoja. Tukafungua daftari, tukamlipa kila mtu haki yake. Siku ile tulinunua mahindi machache kuliko tulivyokusudia.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, Waisraeli walikatazwa kuweka mfukoni mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Nabii Amosi naye aliwakemea wafanya biashara waliopunguza kipimo na kuongeza bei. Gorogoro iliyobonyezwa kitako sokoni kwetu ni jiwe lile lile dogo. Kwa sababu hiyo sheria ya Kenya yataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri.

Lakini mkaguzi naye, apime kwa nini? Mwaka 1889 mataifa yalikubaliana kwamba kilo ni uzito wa kipande kimoja cha madini kilichotunzwa huko Sèvres, karibu na Paris, na nchi mbalimbali zikapewa nakala zake. Kilifungiwa kwa uangalifu mkubwa. Hata hivyo, kilipolinganishwa na nakala zake baada ya miaka mingi, vilionekana vimeanza kuachana, ingawa kwa kiasi kidogo mno. Basi tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kipande kile, bali kiasi kisichobadilika katika maumbile yenyewe.

Wapenzi, ikiwa madini yaliyofungiwa hayakuweza kukaa vile vile, mioyo yetu je? Kosa la mtoto wa jirani twalipima kwa jiwe kubwa, la mtoto wetu kwa dogo. Sadaka yetu yaonekana nzito, ya mwenzetu nyepesi. Kabla hatujampima mtu yeyote, na tumwombe Mungu asiyebadilika aitazame mizani yetu ikiwa tupu. Na tukiona mshale umepotoka, tusiishie kutubu kwa midomo. Tufungue daftari, tulipe.

Na tuombe. Ee Bwana, turekebishe sisi kwanza, ili jirani zetu wapate haki mikononi mwetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.