Sharti Limo Ndani ya Vipuri

Tangu Juni 2024, Kenya ilipotangazwa kuwa mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO, wenzangu wa kutoka nyumbani wananiuliza: tutapewa nini, na tutadaiwa nini? Mimi fani yangu ni uhandisi wa mitambo, siasa nazisikia redioni kama nyie. Lakini ipo nchi iliyopewa hadhi hiyo hiyo Juni 2004, miaka 20 kabla yetu. Nchi hiyo ni Pakistan, na yaliyoikuta yanafaa kujulikana.

Kwanza tuone mambo yanavyokwenda. Mfuko wa fedha Marekani unashikwa na Bunge. Linapopitisha misaada, au linapoarifiwa kwamba nchi fulani inauziwa silaha, linaweza kuweka sharti: serikali ile ishirikiane katika vita dhidi ya ugaidi, la sivyo mkono unafumbwa. Sheria ya mwaka 2009, iliyojulikana kwa majina ya Kerry, Lugar na Berman, iliiahidi Pakistan dola bilioni 7.5 za misaada ya kiraia kwa miaka 5. Sharti kali likawekwa upande wa jeshi. Kila mwaka Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani alitakiwa athibitishe kwamba Pakistan inapambana kweli na makundi ya kigaidi. Asipothibitisha, misaada ya kijeshi na silaha kubwa zinasimama. Ila sheria ile ile iliacha upenyo: Waziri aliweza kuliweka sharti kando akisema usalama wa Marekani unahitaji hivyo.

Sasa tazameni. Machi 2011 Hillary Clinton alithibitisha kwamba Pakistan inashirikiana. Tarehe 2 Mei mwaka huo huo Osama bin Laden akauawa Abbottabad, mji wenye chuo cha maofisa wa jeshi la Pakistan. Julai, Marekani ikazuia misaada ya kijeshi ya dola milioni 800 hivi. Mtu angedhani mambo yamekwisha. Wapi! Mwaka 2012 upenyo ule ukatumika na fedha zikaendelea.

Sababu iko kwenye ramani. Afghanistan haina bahari, na majeshi ya NATO yaliyokuwa huko yalitegemea sana malori yanayopakia bandarini Karachi. Novemba 2011 ndege za NATO zilipowaua askari 24 wa Pakistan mpakani, Pakistan ilifunga barabara hiyo miezi 7, na mizigo ikabidi izungushwe kaskazini kwa gharama kubwa. Kwa hiyo mwenye kutoa sharti naye alikuwa anamhitaji yule anayempa sharti. Kwenye hali kama hiyo karatasi inasainiwa tu.

Lakini fedha ni upande mmoja. Upande unaonigusa mimi kama fundi ni vipuri. Ndege ya kivita si panga kwamba ukishalinunua ni lako. Injini yake ina saa zake za kuruka, zikitimia lazima ifunguliwe na sehemu zibadilishwe, na sehemu hizo haziuzwi dukani. Pakistan ililijua hilo mapema. Mwaka 1990, kwa sababu ya mradi wake wa nyuklia (ugaidi haukuwa hoja wakati huo), ilinyimwa ndege 28 za F-16 ilizokwisha kuanza kuzilipia. Ndege zikaegeshwa kwenye jangwa la Arizona. Mpaka Desemba 1998 ndipo walipokubaliana kuhusu fidia, sehemu yake ikiwa ngano! Na zile F-16 zilizokuwa tayari Pakistan, mafundi walihangaika nazo kwa uhaba wa vipuri.

Baada ya Septemba 2001 vikwazo viliondolewa haraka, na mwaka 2006 wakakubaliana F-16 mpya 18. Mwaka 2016 maseneta wakagoma kuchangia bei ya nyingine 8, na biashara ikafa. Januari 2018 Rais Trump akasimamisha misaada ya usalama karibu yote. Hata hivyo Julai 2019 Marekani iliidhinisha dola milioni 125 za huduma za wataalamu wa kuzisimamia F-16 hizo, na Septemba 2022 mauzo ya matengenezo na vipuri ya dola milioni 450. Misaada ilikatwa, uzi wa vipuri haukukatwa. Kwa maoni yangu huo ndio wenye nguvu, maana hauhitaji kutangazwa: shehena ikichelewa tu, marubani wanakaa chini.

Pakistan ilijaribu kuukwepa uzi huo kwa kutengeneza ndege ya JF-17 pamoja na China, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 2003. Ufungue ndani sasa: injini ni RD-93, ya Urusi. Kumbe uzi umebadilisha mkono tu.

Turudi kwetu. Mei 2024, Rais Ruto alipozuru Washington, ilitangazwa kwamba Kenya itapata helikopta 16: Huey 8 na MD-500 8. Agosti 2025 seneta Jim Risch alipendekeza ile hadhi yetu ichunguzwe upya, tena akitaja na uhusiano wetu na China. Mazungumzo mengi niliyoyasikia ni kuhusu heshima ya nchi. Mimi ningetaka kuona mkataba wa matengenezo: injini zitafunguliwa Nairobi au zitasafirishwa nje, vipuri vya miezi mingapi vitakuwa ghalani, na mafundi wetu wangapi wataruhusiwa kusoma vitabu vya ukarabati.